Vidole Visivyosomeka

Fomu ilikuwa na kurasa tisa, na katika kurasa zote hizo mtoto alitajwa mara chache sana. Kilichobaki kilikuwa chetu sisi watu wazima: msimamizi awe nani na amesomea wapi, walezi wawe wangapi kwa watoto wangapi, nani atashika zamu mlezi akiugua, nani anaruhusiwa kufungua geti, nani amepimwa afya na nani bado. Niliisoma nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwenye kibaraza cha nyumba niliyokodi nyuma ya soko la Garsen, miguu nimeitia kwenye beseni la maji kwa sababu ya joto. Nilipofika ukurasa wa nne nilikuwa nimeshachoka, na jina la kituo nilikuwa bado sijaliandika.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nimefundisha tangu kwetu Ngao hadi Bangale kule juu, ambako barabara ilivunja chaki na mgongo wa mwalimu kwa pamoja. Nilipostaafu nilirudi huku na magoti mabovu na sauti iliyokwaruza, nikajiapia kwamba sitafuta tena kamasi za mtoto asiye wa ukoo wangu. Kiapo hicho hakikumaliza msimu mmoja wa maembe. Kina mama wa sokoni walinijua. Muuza samaki akinikuta barazani ananiwekea mtoto mapajani: "Mwalimu, nishikie huyu nishushe mzigo." Kushusha mzigo huko kulichukua hadi adhuhuri. Kesho yake anakuja na mwenzake. Kabla sijajua la kufanya nikawa na watoto kumi na mmoja, wengine bado wananyonya, na mikeka, na poti sita za plastiki zilizopangwa ukutani kama viatu mlangoni pa msikiti.

Nilidhani nimefungua kituo cha watoto. Kumbe nilikuwa nimefungua kituo cha watu wazima, na watu wazima ndio wanaochosha.

Wa kwanza wao sikumwajiri. Alikaa tu. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Kau, aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi, mwembamba, mtaratibu, aliyehamia Garsen kwa binti yake baada ya mto kuchukua shamba lake la mpunga mara ya pili. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka na kuizungusha sokoni. Siku moja alipita kwangu kuuza, akamkuta mtoto analia kilio kile cha kukata roho, nami nimebeba mwingine mkono huu na kikombe cha uji mkono ule. Akaitua mikeka yake, akamchukua yule mtoto, akamlaza kifudifudi kwenye paja na kumpigapiga mgongoni polepole, huku anatazama pembeni kana kwamba hana habari naye. Mtoto akanyamaza. Kesho yake akaja bila mikeka. Watoto walimwita Nyanya, nasi wakubwa tukamwita hivyo hivyo.

Hakuwahi kusomea kazi hiyo, wala nyingine yoyote. Lakini alijua kilio cha njaa na kilio cha tumbo, na alijua mtoto yupi ataamka na homa kesho kwa kumshika tu nyuma ya sikio. Mimi mwenye vyeti vyangu ndani ya bahasha nilikuwa namwuliza yeye. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, maana mwalimu naye ana kiburi chake.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa mwaka na miezi michache, mwana wa mama Muorma aliyeleta maziwa mjini kila asubuhi kwa bodaboda, jerikeni zimefungwa pande zote na mtoto katikati. Huyo hakula kwa mkono wa mtu mwingine. Mimi alinitemea uji usoni, ualimu wangu wote na miaka yangu. Kwa Nyanya alifungua kinywa kabla kijiko hakijafika. Mama yake alinieleza msimamo wake siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake kifupi: "Mimi naachia mtoto huyu mama mzee. Nyumba hapana. Kama yeye hapana, mimi narudi na mtoto." Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana.

Ofisa wa kaunti aliyeleta fomu alikuwa msichana aliyetoka Hola, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Lakini alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akawasalimia watoto kwanza, akachuchumaa kuangalia tope lililokuwa kwenye vidole vya mmoja wao, na ubishi wangu ukaniishia mdomoni.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi sijaja kufunga. Nimekuja ili usije ukafungwa."

Tukapitia kurasa pamoja. Kwenye msimamizi nilipita, cheti changu bado kilisomeka ingawa mchwa walikuwa wameonja pembe. Kwenye walezi nilianguka. Kwa idadi ya watoto wangu, hasa wale wachanga, nilihitaji walezi wawili mbali na mimi, mmoja wao awe amesomea malezi. Nilihitaji mpishi ambaye si mlezi, kwa sababu anayebadilisha nepi hapaswi kukoroga uji. Nilihitaji ratiba ya zamu, daftari la kuingia na kutoka, orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto, sanduku la huduma ya kwanza, mtungi wa kuzimia moto. Nyanya alikuwa ameketi pembeni na wachanga wawili, mmoja kila paja, anatusikiliza.

"Na huyu mama?" nikauliza.

Ofisa akamtazama. "Huyu anaweza kubaki kama mlezi msaidizi, ukimsimamia wewe. Hahitaji kozi. Ila vyeti viwili ni lazima: cha afya na cha tabia njema. Bila cha tabia njema hakuna mtu anayeruhusiwa kushika mtoto wa mwenzake, mwalimu, hata angekuwa mama yangu mzazi. Narudi baada ya miezi mitatu. Nikikuta hana, siwezi kukipitisha kituo akiwa ndani."

Basi likawa ni hilo. Miezi mitatu, cheti kimoja, na Nyanya.

Kwanza nikatafuta msichana mwenye masomo. Nilimpata hapa hapa mjini, amemaliza kozi ya malezi Malindi, cheti chake amekitia plastiki na anakibeba kwenye mkoba kama simu. Sikumpenda, na sababu sikuwa nayo. Alikuwa msafi, aliwahi, alinawa mikono hadi ikaparara. Lakini kila jambo alikuwa nalo kwenye daftari. "Mwalimu, hivyo sivyo tulivyofunzwa," aliniambia wiki ya kwanza, nilipombeba mtoto begani nikiwa nimeshika chupa ya chai. Alikuwa na haki. Nilitaka kumzaba kofi.

Cheti cha afya tulikipata kwa aibu zetu. Kila mfanyakazi alitakiwa kupeleka choo na mkojo vikapimwe, na kwa kuwa mpishi niliyemwajiri aliona haya na Nyanya aliona haya zaidi, mimi meneja ndiye niliyevibeba vikopo vyao vyote vinne ndani ya mfuko wa chakula. Mwenye bodaboda aliniuliza kama nampelekea mgonjwa wali. Nikamwambia ndiyo. Miaka yote niliyofundisha, hakuna aliyenieleza kwamba uongozi unafika huko.

Cheti cha tabia njema kinatoka kwa polisi, na polisi hawamwulizi mtu tabia yake. Wanauliza vidole vyake. Kijana wa saiba, duka la intaneti, alitujazia maombi kwenye kompyuta, akatuchapia karatasi, na siku ya Jumanne nikamwachia msichana kituo, mimi na Nyanya tukapanda gari la alfajiri kwenda Hola. Alikuwa amevaa leso mpya. Njia nzima alishika karatasi ile kwa mikono miwili asiikunje, na alipoona mto unang'aa upande wa pili wa vichaka vya mathenge aliniambia maji yamepanda.

Ofisini alikuwepo kijana mpole mwenye mashine ndogo ya kioo. Alimwelekeza aweke kidole gumba. Mashine ikakaa kimya. Akamfuta kidole kwa pamba, akamwambia abonyeze zaidi. Kimya. Akajaribu cha pili, cha tatu, vyote kumi. Halafu akaleta wino, akamzungushia kidole kimoja kimoja kwenye karatasi, kama tulivyofanyiwa zamani tulipochukua vitambulisho. Tuliinama sote watatu kutazama. Yalikuwa madoa kumi meusi. Hakuna mstari, hakuna mviringo, hakuna chochote.

"Mama, umefanya kazi gani?" kijana akauliza.

"Zote," Nyanya akajibu.

Nikaushika mkono wake nikautazama kwa mara ya kwanza, ingawa ulikuwa mbele yangu kila siku. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, ngozi imesuguliwa hadi imeisha. Ni ukindu wa mikeka. Ukisuka ukili tangu utotoni, ile miyaa, majani makavu ya kusukia, inapita kwenye ncha za vidole mara elfu kwa siku, na inaila ngozi. Juu ya hapo weka jembe, weka mchi, weka nepi za watoto wa kina mama wa Garsen. Vidole vile vilikuwa vimetumika vikaisha, na sasa vikatakiwa kumtolea ushahidi.

Kijana hakutukatisha tamaa. Alisema ameona wengi wa aina hiyo, wakulima, wapiga kokoto, wasusi. "Apumzishe mikono. Asisuke, asilime, asifue. Apake mafuta asubuhi na jioni, wiki sita hivi. Ngozi ikirudi, mistari inarudi. Kisha mje tena."

Nikaandika kwenye daftari langu la umeneja: Nyanya, likizo ya vidole, wiki sita.

Hizo wiki sita zilinizeesha. Nepi alizokuwa akifua Nyanya zikawa zangu na za yule msichana. Vyombo vikawa vya mpishi, akanuna. Nyanya aliruhusiwa kulisha, kubeba na kulaza, basi. Alikaa kwenye mkeka, vidole vinameremeta mafuta ya nazi, anatutazama tunavyohangaika, na nadhani hajawahi kuteseka hivyo maishani. "Mwalimu, hata kopo moja?" "Hata kopo, mama." "Sufuria je?" "Weka chini." Kina mama wa sokoni nao wakaingilia. Mmoja akaleta samli, mwingine akasema apake nta, wa tatu akasema avae soksi mikononi akilala, na Nyanya, mtu wa kuheshimu kila ushauri, akavifanya vyote. Muuza maziwa ndiye aliyeleta samli. Aliiweka mbele yake, akambusu mwanawe, akaondoka.

Na kweli vilianza kurudi. Wiki ya nne nilivishika juani na nikaona kivuli cha mistari, hafifu, kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Nilifurahi hadi nikamwonyesha msichana, naye akafurahi, na siku hiyo nikamwona ni mtoto mzuri tu ambaye mimi nilikuwa namwonea. Nikapanga siku ya kurudi Hola. Ofisa alikuwa amebakisha wiki mbili kuja.

Asubuhi ya safari Nyanya alikuja amejifunika mikono ndani ya leso. Nikadhani ni baridi ya alfajiri. Garini nikamwuliza kama amepaka mafuta, akasema amepaka. Alikuwa anatazama dirishani. Ni pale tu kijana alipomwambia alete mkono ndipo alipoutoa, nami nikaona rangi. Zambarau, kwenye kila ncha, imeingia ndani ya kucha. Rangi ya kutilia ukindu.

Akasema mpwa wake alikuwa amejifungua Kau. Kwa ukoo wao mtoto hatolewi nje siku ya arubaini mpaka amelazwa juu ya mkeka mdogo uliosukwa na mkubwa wa wanawake wa ukoo, mpya, kwa mkono wake mwenyewe, si wa kununua wala wa kusaidiwa. Mkubwa aliyebaki alikuwa yeye. Alikuwa ameusuka siku nne mfululizo, kila akitoka kwangu na mafuta yake mikononi. Alipangusa mafuta, akasuka, akapaka tena.

Mashine ikakaa kimya. Wino ukatoa madoa, safari hii ya rangi mbili.

Nilimfokea. Nasema wazi kwa sababu sitaki kujipamba: nilimfokea mtu aliyenizidi umri, mbele ya kijana yule na foleni nzima iliyokuwa nyuma yetu. Nilimwambia nimefua nepi za watu wiki sita kwa ajili yake. Nilimwambia mkeka ungenunuliwa, ungeazimwa, ungesukwa na jirani na hakuna ambaye angejua. Alingoja mpaka nilipoishiwa na pumzi.

"Arubaini ilikuwa Ijumaa, mwalimu," alisema. "Ningemwambiaje yule mtoto angoje zidole zangu?"

Kijana akakohoa. Alisema iko njia nyingine, kuna maombi maalumu kwa watu wasio na alama, yanapelekwa Nairobi, yanajibiwa. Lini? Hapo alikuna kichwa. Miezi. Wakati mwingine zaidi. Tukajaza hayo maombi vilevile, na tukarudi Garsen kwenye viti viwili tofauti kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vimebaki, na mimi nikashukuru moyoni kwamba sikukaa naye.

Nilimpigia ofisa simu siku hiyo hiyo. Nilimweleza yote, hadi mkeka. Alinisikiliza hadi mwisho, na nilisikia anahema. "Mwalimu, mimi nimelelewa na mtu kama huyo," alisema. "Lakini sahihi itakuwa yangu. Kesho mtoto mmoja wa mahali pengine akidhurika na mlezi asiye na cheti, wataniuliza nilipitisha wangapi." Alinipa njia aliyoweza: nafasi ya mlezi wa pili niishike mimi kwa muda. Nyanya angeweza kubaki kama mfanyakazi wa nje: kufagia, kuchota maji, kuchoma taka. Asiingie chumba cha watoto. Asimshike mtoto yeyote, kwa sababu yoyote, mpaka cheti kije. Na mimi kama msimamizi niandike hivyo kwenye barua, nitie sahihi, nibandike ukutani.

Ningeweza kukataa. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile. Lakini watoto walikuwa wameshafika kumi na tisa, na mama zao walikuwa wameshajenga siku zao juu yangu. Mmoja alikuwa ameanza kazi hospitalini. Mmoja alikuwa amerudi shule. Kituo kikifungwa, hao watoto wangerudi chini ya meza za samaki. Nilipima, na Nyanya akawa mwepesi upande wake. Ndivyo meneja anavyopima, na sijajizoea.

Nikamwita kibarazani asubuhi. Nilizungumza naye kama barua: kwa mujibu wa, kuanzia leo, mpaka hapo utakapopata. Alinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu.

"Wakinijia wenyewe?"

"Usiwashike, mama. Niite mimi au mwite msichana."

"Hata akianguka?"

"Hata akianguka. Ofisa akiona umemshika, tunafungwa wote."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta ufagio. Nikabaki na karatasi yangu, natafuta gundi. Nilitamani anitukane.

Muuza maziwa alipofika alisimamisha bodaboda, akachungulia ndani ya geti, akamwona Nyanya uani. "Yeye yupo?" akaniuliza. "Yupo," nikamjibu. Hakuuliza zaidi, nami sikueleza zaidi. Alinikabidhi mtoto, akatia kidole gumba kwenye daftari, akaenda zake. Ilikuwa hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili. Sikusema uongo hata mara moja, na sijawahi kujiona mwongo kama wiki mbili zile.

Mtoto alikonda kidogo. Msichana alijitahidi, Mungu anajua. Alimbembeleza, alimwimbia, aliweka uji kwenye kikombe chenye rangi, alimkalisha mahali pa Nyanya na kuvaa leso kama ya Nyanya. "Mwalimu, huyu ananigomea tu," alisema siku moja, machozi yakimlengalenga, na nikamkumbatia. Akala vijiko vitatu, vinne. Nikaandika kwenye daftari: amekula vijiko vinne. Nje ufagio ulikuwa unapita, pale pale, kwenye mchanga uliokwisha kufagiwa.

Ofisa alikuja mchana mapema, jua limeshaanza kuuma. Alipita kila mahali na fomu yake. Alifungua sanduku la huduma ya kwanza, akahesabu poti, akamwuliza mpishi maswali, akatazama ratiba ya zamu, akasoma ile barua yangu ukutani tangu juu mpaka chini. Tukatoka kibarazani kukamilisha ukurasa wa mwisho. Nyanya alikuwa uani, mbali kiasi, anakusanya majani ya mwarobaini.

Sijui nani aliuacha mlango wa chumba wazi. Nadhani ni mimi. Yule mtoto wa muuza maziwa akatoka. Alikuwa ndiyo kwanza anajua kutembea, akashuka ngazi moja kwa makalio, akasimama, akaanza kwenda. Alipita miguuni petu bila kututazama. Alivuka uwanja wote kwa hatua zake za kuyumba, mchanga unamchoma, hadi alipomfikia Nyanya, akasimama mbele yake, akainua mikono yote miwili juu ili abebwe.

Nyanya alitupa ufagio. Niliona mikono yake inashuka kumchukua, kwa mazoea, bila kufikiri. Halafu ikasimama. Akaikunja nyuma ya mgongo wake, yote miwili, akaishikilia huko.

Mtoto akangoja. Akainua mikono juu zaidi, akisimama kwa ncha za miguu, akidhani labda hajaonekana. Kisha akaishika leso ya Nyanya akaivuta, na akaanza kulia. Nyanya alisimama wima, kidevu juu, kama mtu anayepimwa urefu. Alinitazama. Ofisa naye alikuwa ananitazama, kalamu imesimama juu ya karatasi.

"Mwalimu," Nyanya akaniita, "mtoto yuwalia."

"Naona," nikasema.

Nikamwita msichana. Alikuja mbio, akamnyanyua mtoto, na mtoto akajikaza mwili wote na kujipinda nyuma, mikono bado imenyooka upande wa Nyanya, sauti imepanda hadi kina mama wa mboga ng'ambo ya ukuta wakanyamaza kusikiliza. Mlango ukafungwa. Kilio kiliendelea ndani kwa muda mrefu. Ofisa aliinamisha kichwa juu ya fomu, akaandika, akatia sahihi, akanipa nakala yangu. "Pole, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. Sikumjibu vizuri. Alikuwa amefanya kazi yake, na mimi yangu.

Alipokwenda nilinawa uso kwenye beseni. Nilisikia nyayo. Nyanya alikuwa amekuja hadi chini ya ngazi, hakupanda. Mikono yake ilikuwa bado iko nyuma. Aliniuliza kama tumepita, nikamwambia tumepita. Akashukuru Mungu, kwa sauti, na uso wake ukafunguka wote.

"Umeona lakini, mwalimu?" akasema. "Sikumshika."

Alikuwa anangoja nimsifu. Nikamsifu.